Mume wa Kwanza wa Levina

Kitambaa kilipovutwa, Levina alimwona mume wake, na mume wake huyo alikuwa amekwisha kufa.

Tusikimbie bado. Sehemu ya kukimbia iko mbele, na hata huko hakuna aliyepata nafasi.

Prosperi, aliyekivuta kitambaa, alisimama pembeni na tabasamu la mtu anayesubiri kupigiwa makofi. Vumbi la mninga lilikuwa limemkaa kwenye nyusi hadi akaonekana mzee wa baraza, ingawa alikuwa kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinajiuliza kama ziote au ziache. Karakana yake ilikuwa Mtendeni, nyuma ya duka la vitambaa. Humo alichonga milango na vitanda kwa ajili ya tumbo, na siku mojamoja vinyago vya mzaha kwa ajili ya roho.

Kinyago hiki kilikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Kichwa kilikuwa kikubwa kama boga, na miguu myembamba kama ya kuku aliyenyimwa pumba, ndani ya soksi za njano zilizofika magotini. Koti lilikuwa jekundu. Kofia ilikuwa na unyoya. Shingoni palikuwa na kola nyeupe yenye mikunjo mingi, pana kama sahani ya wali, na kichwa kimekaa juu yake kama kinangoja mtu aje na kijiko.

Yote hayo Levina aliyatazamia. Mwenyewe ndiye aliyemletea Prosperi kifuniko cha bati la biskuti chenye picha ya zamani ya bwana mkubwa wa Ulaya, kofia, unyoya, kola na kila kitu, akamwambia, "Nichongee huyu, lakini mfanye achekeshe." Prosperi alikuwa ameona kwenye simu jinsi Wazungu wanavyowachonga wakubwa wao kwa kuwatania, pua ikirefushwa na tumbo likivimbishwa, na kwa muda mrefu alikuwa anatafuta kisingizio cha kujaribu.

Uso ndio ambao Levina hakuutazamia.

"Sema basi," Prosperi alisema. "Kimekuchekesha?"

Levina alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Macho ya kinyago yalimfuata kwa utulivu wa mtu aliyeketi kwake.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Kwenye bati lako."

"Bati lina Mzungu, Prosperi."

"Na huyu ni nani?"

"Huyu ni mume wangu."

Prosperi alitafuta mahali pa kukaa, akapata gogo.

"Mume wako."

"Ndiyo."

"Wa ndoa?"

"Wa tangu nimezaliwa."

"Levina, leo jioni mshenga wangu anakwenda kwenu kwa mara ya tatu. Mara ya tatu! Nimeazima suruali ya Adinani, haijanifika hata vifundoni. Halafu leo ndiyo unaniambia una mume?"

"Amekufa."

"Afadhali," alisema Prosperi, kisha akashika mdomo. "Yaani, pole. Pole sana. Samahani."

Mwanamke mwingine angecheka hapo. Levina alitabasamu upande mmoja wa mdomo, na tabasamu likaishia hapohapo kama kawaida yake. Hilo ndilo lililokuwa likimtesa Prosperi tangu walipokutana mnadani baada ya mvua za masika. Alikwisha kumwona akitabasamu, akilia, akinuna, akila muwa, lakini kumsikia akicheka kwa sauti alikuwa hajawahi. Alikuwa amejaribu hadithi, amejaribu kuanguka kwa makusudi kwenye tope, na kinyago hiki kilikuwa silaha yake ya mwisho. Mtu anayempenda msichana anaweza kumnunulia kitenge. Prosperi alitaka kumpa kicheko, basi.

"Ni babu yangu," Levina alisema taratibu. "Guku Ngollo, baba yake baba. Nyumbani sisi wajukuu wa kike ni wake zake. Nilipotambaa alikuwa ananiita mke wangu mdogo. Bibi Josepha mpaka leo ananiita mke mwenzie, tukigombana anasema nimemwibia mume."

"Mzaha."

"Mzaha, ndiyo, lakini mzaha wenye sheria zake. Guku alisema hakuna atakayenichukua asipokuja kwanza kutaniana naye uso kwa uso, kama wanaume wawili wanaogombea mke mmoja. Kila siku alisema hivyo." Aliinua kidole, akakigusa kinyago kwenye pua na kukiondoa haraka. "Ulipata wapi picha yake?"

"Sijawahi kuona picha yake."

"Hana picha. Alikuwa anakataa kupigwa. Ndiyo maana nakuuliza."

Nje, Adinani, fundi vitanda wa chumba cha pili na mwenye suruali, alikuwa anapiga randa. Randa ikanyamaza.

"Na sikio je?" Levina aliuliza.

"Sikio lipi?"

"La kushoto. Mbona umelikata?"

"Sikulikata. Nilikuwa namalizia, patasi ikakutana na kifundo cha mti, kipande kikaruka. Nitakigundisha."

"Usikigundishe." Sauti ya Levina ilikuwa imepungua. "Guku alianguka mtini na mzinga wa nyuki, kabla baba hajazaliwa. Tawi likamchana sikio. La kushoto. Hapohapo."

Prosperi alinyanyuka kwenye gogo. Ilionekana kuna jambo alilokuwa amelificha, na sasa halikubali tena kufichwa.

"Basi nikwambie. Nilidhani ni uchovu. Huyu nikimwacha anatazama ukuta, nikirudi namkuta anatazama barabara ya Kwihara. Adinani anaapa hamgusi, na siku hizi hata mlangoni hafiki. Halafu humu ndani kunanuka ugoro, na mimi sivuti, sinusi, sitafuni. Na macho… gusa macho."

Levina hakutaka kugusa. Prosperi akagusa yeye, akamwonyesha kidole. Kilikuwa cheusi, kimelowa.

"Rangi nyingine yote imekauka," alisema. "Macho nilianza nayo. Hayakauki."

Levina alitazama kile kidole kwa muda. Kisha mwili wake ukafanya jambo la ajabu: badala ya kutetemeka, ukatulia.

Kuna habari moja hakuwa amemwambia Prosperi. Guku alipofariki, mwaka jana, Levina alifanya anachopaswa kufanya mjukuu: akavaa koti kuukuu la marehemu, akashika fimbo yake, akajiandaa kutoka mbele ya waombolezaji akitembea kama yeye na kukohoa kama yeye, mpaka watu wacheke katikati ya machozi na marehemu aende zake akiwa ameagwa vizuri. Baba yake, Mzee Kasimiri, alikuwa katekista wa kigango, na siku hiyo kulikuwa na padri. Alimkuta anatokea nyuma ya jiko. "Hapa ni msiba wa Kikristo," akasema, akamvua koti mbele ya watu. Guku akazikwa kwa nyimbo nzuri sana na bila kicheko hata kimoja. Tangu hapo kicheko cha Levina kilikuwa kimemkwama kooni kama mfupa wa samaki, na kiti cha Guku barazani kilikuwa kinalia kana kwamba kimekaliwa.

"Mara ya kwanza mshenga wako alipokuja," alisema, "pikipiki ilizima langoni, ikakataa kuwaka mpaka ilipogeuzwa."

"Plagi."

"Mara ya pili akashikwa na kwikwi. Akashindwa kusema hata jina lako. Alipotoka nje ya lango ikakoma."

"Alikula mihogo mikavu."

"Prosperi, hakuna aliyemwomba Guku. Mmempita mlangoni mara mbili zote kama mlinzi wa ghala." Alichukua kanga yake ya juu, akaanza kukifunga kinyago. "Baba amesema leo ni mwisho. Neno lisipotolewa likaisha, Jumatatu napanda gari kwenda Urambo kwa shangazi Advera, na mimi na wewe ndiyo basi. Shangazi ameshanitafutia mtu, mwenye mashine ya kukoboa. Shika miguu."

"Tunampeleka wapi?"

"Nyumbani kwake."

*

Walimweka katikati yao kwenye pikipiki, amefungwa kanga kuanzia unyoya hadi soksi. Levina alikaa nyuma, amemkumbatia. Ukitazama kwa haki, lilikuwa jambo la aibu: msichana anayeposwa, mchumba mbele, na mume wa kwanza katikati kama mto.

Upepo wa kiangazi ulikuwa umeinua vumbi la njia ya Kwihara, ile njia waliyopita wapagazi na mizigo yao, na jua lilining'inia jekundu ndani ya moshi wa mapori yaliyochomwa. Walipotoka mjini pikipiki ilikuwa inakimbia vizuri. Walipokaribia mashamba ikaanza kulalamika, kama mzigo unaongezeka.

"Umeongeza kitu?" Prosperi alipaza sauti.

"Niongeze nini?"

Kando ya njia, mama mmoja mzee alikuwa anakusanya mabua. Alijinyoosha, akakinga macho, akaweka mabua chini na kukunja magoti kidogo. "Shikamoo," alisema.

Mzee kama huyo hawezi kumwamkia kijana wa pikipiki wala msichana aliye mdogo kwake kwa miaka hamsini. Hakuwa anawatazama wao. Alikuwa anatazama katikati.

Prosperi aliongeza mafuta bila kuombwa.

"Levina."

"Nasikia."

"Kuna kitu kinanigonga mgongoni."

"Hata mimi kinanigonga kifuani."

"Ni nini?"

Levina alibana shavu kwenye kanga, akasikiliza. Ndani ya mti kulikuwa na pigo, polepole, kisha haraka, kisha polepole.

"Ni moyo wako," alisema.

"Moyo wangu uko mbele. Huo utakuwa wako."

"Wangu nausikia kivyake."

Levina, aliyekuwa amekishika kinyago kwa mikono miwili, alinyoosha kidole kimoja hadi kikafika kwenye shati la Prosperi, akakiacha hapo. Prosperi hakugeuka. Masikio yake ndiyo yaliyojibu, yakawaka kama koti la bwana mkubwa.

*

Langoni pikipiki haikuzima. Ilipita kama imefunguliwa njia.

Ndani ya ua, Mzee Samweli fundi cherehani, ambaye ndiye mshenga, alikuwa ameegemea ukuta na bilauri ya maji mkononi. "Nimefika hapa mzima," aliwaambia kwa uchungu. "Mzima kabisa. Nimevuka kizing— hik! —kizingiti tu."

Mzee Kasimiri alitoka barazani. Alikuwa mtu mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hadi likaogopa kujikunja. Alitazama pikipiki. Alitazama binti yake juu ya pikipiki. Alitazama suruali ya Prosperi ilikoishia.

"Siku ya posa," alisema, "mchumba anakuja mwenyewe?"

"Shikamoo, mzee," alisema Prosperi.

"Marahaba. Na anamleta binti yangu mgongoni kama gunia la karanga?"

"Mimi ndiye niliyemwambia, baba," alisema Levina.

"Ndiyo maana napenda aende Urambo. Kijana, mimi sina ubaya na wewe. Kwenu Ulyankulu nawafahamu, ni watu wa kanisa, wanalima. Lakini wewe unachonga masanamu ya kuchekea watu. Kesho utamchonga nani? Paroko?"

Prosperi alikazia macho usukani. Paroko alikuwa amekwisha kuchongwa.

"Hik!" alisema Mzee Samweli, kwa niaba ya upande wa mwanamume.

Wakati huo kanga ikafunguka. Levina ataapa hakuigusa, Prosperi ataapa alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, na upepo, kwa mara ya kwanza siku ile, ulikuwa umetulia kabisa. Kanga iliteremka yenyewe taratibu, kama mtu anayevua koti akiwa amefika kwake, na yule bwana akabaki amesimama juu ya kiti cha pikipiki na kola yake, anatazama nyumba.

Kuku waliacha kuparua.

Bibi Josepha alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, anachambua maharage. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, lakini aliinua uso, akanusa hewa, akaweka ungo pembeni.

"Mwangaluka," alisema.

Kwa lugha yao hiyo ni salamu ya asubuhi. Jua lilikuwa linazama. Lakini mtu aliyelala tangu mwaka jana, asubuhi yake ni lini?

"Mama," Mzee Kasimiri alisema, "hicho ni kipande cha mti."

"Nakiona. Na wewe unakiona. Mbona umeshika nguzo?"

Kweli alikuwa ameshika nguzo. Aliiachia, akateremka ngazi za baraza, akaenda mpaka kwenye pikipiki na kusimama ana kwa ana na uso wa baba yake. Kilikuwa kichekesho kitupu, pua kama mhogo, mashavu kama andazi lililomwagiwa hamira, na bado alikuwa yeye. Aliliona sikio.

"Nani alikupa picha?"

"Hakuna picha, mzee."

"Usinidanganye nyumbani kwangu."

"Sidanganyi." Prosperi alishuka kwenye pikipiki, suruali ikapanda zaidi. "Nilikuwa nachonga Mzungu wa kwenye bati. Mkono ukanigomea. Kila nikikata, unatoka uso wa Levina. Kata tena, Levina. Nikaona aibu, mtu atajua. Basi nikaukuza pua, nikauvimbisha mashavu, nikauzeesha, nikautia mikunjo, ili tu usifanane naye. Nikauzeesha mpaka ukawa huyu." Aliunyoosha mkono wa kulia. "Mkono wangu haujui uso mwingine, mzee. Ndiyo shida yangu kubwa."

Levina alikuwa ameinamisha kichwa, akisoma vidole vya miguu yake kana kwamba ni habari mpya. Mzee Kasimiri alimtazama binti yake, akakitazama kinyago, akarudi kwa binti yake. Labda kwa mara ya kwanza aliona alichokuwa anakiona kila siku mezani: kwamba baba yake alikuwa amebaki ndani ya uso wa huyu mtoto.

"Na sikio?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Sikio ulilitoa kwa Levina?"

"Sikio," Prosperi alisema, "sijui."

Barazani, kiti cha Guku kililia. Koti lake lilikuwa bado limetandikwa kwenye mgongo wa kiti, kama lilivyotupwa siku ile ya msiba, maana hakuna mtu aliyethubutu kulihamisha. Kwikwi za Mzee Samweli zikazidi, bilauri ikawa inamwagika.

"Mimi siamini mambo haya," alisema Mzee Kasimiri.

"Hakuna aliyekuomba uamini," Bibi Josepha alisema. "Ulimzika baba yako kama unamzika mkaguzi wa shule. Miaka themanini alichekesha watu, wewe ukamtoa hapa bila mtu kumwonyesha jino. Ataendaje? Ingekuwa wewe, ungekwenda?"

"Padri alikuwepo, mama."

"Padri mwenyewe ana babu."

Levina alipanda baraza. Hakuna aliyemtuma. Alilishika koti, likatoa vumbi na harufu ya ugoro, akalitia mkono mmoja, kisha wa pili. Mzee Kasimiri alinyoosha mkono, kama mwaka jana, kutoka mbali, na kila mtu uani aliuona mkono ule ukikaa hewani. Levina naye aliusubiri. Alikuwa na machozi, lakini hakulivua.

Mkono ukashuka.

Basi Levina akainama mgongo. Akatafuta ndala moja kwa mguu wa kulia na kuiburuta, shwaa, shwaa, maana Guku alidai mguu wa kulia haukuwa wake, aliazimwa. Akasimama mbele ya kuku. "Nyinyi," aliwaambia kwa sauti nzito iliyojaa kohozi, "mmekula mtama wangu, mmelala kwangu, yai moja kwa wiki! Mngekuwa wanakwaya ningewafukuza!" Akaburuta ndala hadi kwenye kinyago, akakitazama juu hadi chini, akageukia watu. "Huyu ni mimi nilipokuwa Ulaya," alisema kwa fahari. "Mnaiona hii kola? Ya kuzuia ugali usianguke kwenye koti. Wazungu wana akili. Mke wangu! Wake zangu wote! Chakula kiko wapi?"

Guku hakuwahi kuvuka Kigoma. Bibi Josepha ndiye aliyeanza: kicheko kidogo, kikavu, kama maharage yanayomwagwa kwenye ungo. "Ndivyo angesema," alilia. "Ya kuzuia ugali!" Mzee Samweli akafuata, kwikwi na kicheko vikipishana kwenye koo moja. Mzee Kasimiri alibana midomo. Akaibana zaidi. Shati lake lililopigwa pasi likaanza kutikisika mabegani, na kilichomtoka kilikuwa kicheko au kilio, huenda vyote viwili, kikamkalisha chini kwenye ngazi ya baraza, katekista mzima, uso ndani ya viganja.

"Kijana," Bibi Josepha alimwita Prosperi. "Njoo sasa. Mwombe."

"Nimwombeje, bibi?"

"Mtukane."

"Nimtukane marehemu?"

"Kidogo tu. Kwa adabu."

Prosperi alifuta viganja kwenye suruali ya watu. Akasimama mbele ya kinyago alichokichonga mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akakiogopa wazi, mbele za watu, bila kujificha. Yale macho yalikuwa yamelowa na yanamtazama. Kando yake alisimama Levina ndani ya koti kubwa, mikono ikiwa imepotea kwenye mikono ya koti, na akamwona anamwangalia kwa namna ambayo Prosperi alijua hatakuja kuichonga akapatia.

"Mzee Ngollo," alisema, "shikamoo. Nimekuja kumchukua mkeo."

Kiti barazani kikakaa kimya.

"Usinikasirikie. Jiangalie mwenyewe. Miguu ya kuku, kofia ya jogoo. Mwanamke wa maana atakaaje na mtu anayevaa sahani shingoni? Na sikio moja umelipeleka kwa nyuki, la pili halimsikii mke akiita. Umekaa naye tangu anatambaa, hujamnunulia hata kiberiti." Akasogea hatua moja. "Sogea, mzee. Umeshiba wewe. Wengine tuna njaa."

Hapo ndipo Levina alipocheka.

Kicheko kile hakikuwa kizuri. Vitabu vingi vingekisifu kama kengele za kanisa, na vitabu hivyo vingekuwa vinasema uongo. Kilianza na mlio kama wa punda aliyeona maji, kikapanda, kikakatika, kikaanza upya. Alijishika mbavu, akaegemea pikipiki, machozi yakimwagika kwenye koti la Guku, na Prosperi akasimama anamsikiliza huku amefumbua mdomo, kama mtu aliyepita jangwa zima akiulizia mto na sasa umemmwagikia kichwani. Wote wakacheka tena, kwa sababu ya kicheko chenyewe.

"Mzee Samweli," Mzee Kasimiri alisema mwishoni, akifuta uso kwa kitambaa. "Njoo ukae. Sema neno lako."

Mshenga alijaribu koo lake. Alisubiri. Kwikwi haikuja. "Tumekuja," alisema, akijishangaa mwenyewe, "kwa ajili ya kijana wetu Prosperi."

"Nimesikia," alisema Mzee Kasimiri. "Urambo hatuendi."

Vicheko vikafifia kimoja baada ya kingine, kama watu wanaotoka ibadani. Bibi akatulia. Mzee Kasimiri akatulia. Levina akavuta pumzi, akautoa mkono wake kwenye mkono mrefu wa koti, akautafuta wa Prosperi, akaupata, na ua mzima ukawa kimya kabisa.

Ndipo barazani, kwenye kiti ambacho hakikuwa na mtu, mtu akaanza kucheka.

Kilikuwa kicheko cha mzee, cha kifuani, chenye kohozi, kikipanda taratibu mpaka kikajaa baraza, kisha kikasogea kuelekea langoni, shwaa, shwaa, kikatoka njiani na kupotea upande wa mapori. Mzee Samweli aliangusha bilauri. Prosperi aligeukia kinyago, akanyoosha kidole, akagusa jicho. Lilikuwa kavu.

Hakuna aliyesogea isipokuwa Bibi Josepha, aliyeuvuta ungo wake na kurudi kwenye maharage.

"Siku zote," alisema, "alikuwa wa mwisho kuelewa mzaha."